Nani alimkopesha nani? Kisa cha korosho za msimu wa 2018/19

Tarehe 12 Novemba 2018 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba itanunua korosho zote za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mtwara na Lindi tangazo lilipokewa kwa vigelegele, na haikuwa ajabu. Wiki chache nyuma wakulima wa Tandahimba na Newala walikuwa wamezikataa hadharani bei za mnada, zilizokuwa zikicheza kati ya 1,700 na 2,700 na kitu, ilhali msimu uliotangulia walikuwa wameonja bei ya karibu 4,000. Lakini msimu wa 2019/20 ulipofunguliwa, bado walikuwapo waliokuwa wakidai fedha za korosho walizozikabidhi mwaka mmoja nyuma.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama habari ya siasa, au kama habari ya wanunuzi waliokula njama. Hapa tunakisoma kama daftari la madeni. Kila hatua ya safari ya korosho, kuanzia palizi hadi meli, kuna mtu aliyekwisha kutoa na hajalipwa. Ukifuata madeni hayo kwa utaratibu unaona kwamba mkulima mdogo ndiye benki ya zao zima. Anamkopesha chama cha ushirika, mwenye ghala na mnunuzi, na mwaka ule aliikopesha Serikali yenyewe, bila riba na bila tarehe ya kulipwa. Kwa kuwa hana akiba, naye anakopa kwa aliye chini yake, yaani kibarua. Chini ya kibarua hakuna mtu.

Gharama zinaanza Mei

Tuchukue shamba la ekari tatu. Hesabu hizi ni za mfano, si takwimu za wilaya fulani. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti 28, hivyo ekari tatu zina miti 84. Kila mti ukitoa kilo 7 na kidogo, mwenye shamba anavuna kama kilo 600.

Kazi ya kwanza ni kufyeka na kupalilia, Mei na Juni. Chini ya mikorosho panatakiwa pawe peupe, kwa sababu korosho ikikomaa huanguka yenyewe pamoja na bibo lake, yaani tunda linaloibeba, na huokotwa chini. Majani yakiwa marefu haionekani, au inaonekana baada ya siku kumi ikiwa imeshapata madoa. Moto wa kiangazi ukipita kwenye majani hayo, unaondoka na mti wenyewe.

Kisha inakuja salfa. Adui mkubwa wa mikorosho ya kusini ni ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia machipukizi na maua machanga. Ua lililoshikwa linakauka bila kutunga. Kipimo kilichozoeleka cha salfa ya unga, kilichotokana na utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ni robo kilo kwa mti kila mkupuo, mikupuo mitano, kwa kupishana siku 14. Kwa miti 84 hiyo ni kilo 105, yaani mifuko minne ya kilo 25 na kilo tano za ziada. Inapulizwa alfajiri, umande ungalipo ili unga ushike na kabla upepo haujaanza. Wengi hawana mashine ya kupulizia, hivyo wanaikodi pamoja na kijana wa kuibeba mgongoni, na petroli ni juu ya mwenye shamba.

Mkosi wa salfa ni kwamba haivumilii kukatishwa. Mikorosho haitoi maua yote kwa siku moja, bali maua mapya hufunguka wiki baada ya wiki. Aliyepuliza mara mbili akaishiwa hela amekinga maua ya mwanzo tu, na yanayofuata yanaliwa. Fedha aliyokwisha kuitoa hairudi, na mavuno yanashuka vilevile.

Gharama zote hizi zinaangukia kati ya Mei na Septemba, miezi ambayo kijijini hakuna korosho ya kuuza. Mwaka 2017 Serikali iligawa salfa bure, na mavuno ya 2017/18 yakafika zaidi ya tani 310,000, rekodi ya wakati ule. Mwaka 2018 ruzuku hiyo haikuwapo kwa kiwango kile. Mwezi Juni mwaka huohuo, kupitia Sheria ya Fedha, ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje uliondolewa kwenye mgawanyo wa zamani, ambapo asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao na 35 kwenda hazina, ukaingizwa wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu. Kwa mwenye mifuko minne ya kununua, maana yake ilikuwa nyepesi kuelewa: fedha iliyotoka kwenye korosho zake na kumrudia ikiwa salfa haikuwa tena na njia ya moja kwa moja ya kumfikia.

Aliyekosa akiba alikwenda kwa mtu wa kangomba. Kangomba ni ununuzi wa chini kwa chini, nje ya chama, na mara nyingi korosho huwa bado ni maua. Mtu anatoa hela ya salfa mwezi Julai na analipwa kwa kilo mwezi Oktoba. Tuseme ametoa shilingi 180,000 kwa makubaliano ya kilo 150. Hiyo ni shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ikifika 3,300, kilo hizohizo zina thamani ya 495,000. Mkulima amelipa 315,000 juu ya deni la 180,000 ndani ya miezi mitatu hivi. Viongozi huwatangazia vita watu wa kangomba kila msimu, na wengi wao kweli ni wanyonyaji. Ila wanabaki kwa sababu ndio pekee wanaofika Julai wakiwa na hela mkononi.

Njia ya korosho hadi fedha

Baada ya kuokota, korosho hutenganishwa na bibo, huanikwa juani siku mbili tatu, na kuchambuliwa: zilizonyauka, zenye madoa na changa zinawekwa kando. Hujazwa kwenye magunia ya juti, maana mifuko ya plastiki huzitoa jasho zikavunda. Gunia moja ni kilo 80. Chama cha msingi kinapima, karani anaandika, mkulima anaondoka na karatasi.

Hapo ndipo anapokuwa mkopeshaji rasmi. Mzigo umetoka nyumbani kwake na hela haijaingia. Lori linaupeleka ghala kuu, ambako unapimwa tena kwa uzito, unyevu na ubora. Unyevu unatakiwa usizidi asilimia 10. Ubora unapimwa kwa kukata sampuli na kuangalia gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Korosho inayotoa ratili 48, yaani karibu kilo 22 za kiini, inahesabiwa nzuri. Mwendesha ghala anatoa stakabadhi, chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, kinaorodhesha mizigo, na siku ya mnada zabuni za wanunuzi zinafunguliwa mbele ya wakulima, ambao wana haki ya kukubali au kukataa. Wakikubali, mnunuzi analipa kwenye akaunti ya chama kikuu, anapewa kibali cha kutoa mzigo, na fedha zinashuka hadi chama cha msingi na mwishowe kwa mkulima, baada ya makato ya vyama, ghala, usafiri na ushuru wa halmashauri.

Mfumo huu wa stakabadhi ghalani, uliosimama juu ya sheria ya mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, una mantiki nzuri sana. Karatasi ya ghala ni mali. Palipo na mali benki inaweza kukopesha, na mkulima akapata malipo ya awali siku anapokabidhi mzigo huku akisubiri bei nzuri. Miaka ya mwanzo ndivyo ilivyofanyika: malipo ya awali kwa mkopo wa benki, malipo ya pili baada ya mnada, na ya tatu, ambayo wenyewe waliyaita majaliwa, kama kuna kilichobaki. Jina hilo linaeleza imani waliyokuwa nayo juu ya malipo ya tatu. Mambo yaliharibika kwenye riba za benki zilizoongezwa kwenye makato, na kwenye malipo ya pili yaliyokuja pungufu. Aprili 2013 hasira ya malipo pungufu iliwasha fujo Liwale, nyumba zikachomwa. Baadaye ukafuata utaratibu wa malipo ya mara moja baada ya mnada. Riba ikaondoka kwenye makato, na mzigo wa kusubiri ukarudi mgongoni kwa mkulima. Mnada ukienda vizuri anasubiri wiki mbili tatu. Usipokwenda, hana kitu cha kushika katikati.

Kilichotokea Oktoba na Novemba

Mwaka 2018 bei ya korosho duniani ilianguka. Bei ya viini ilishuka, na wabanguaji wa Vietnam na India, ambao ndio wanunuzi wa karibu korosho ghafi zote za Tanzania, walikuwa wameungua kwa mizigo ya bei ya juu waliyoinunua Afrika Magharibi mapema mwaka huo. Walikuja kusini wakiwa na tahadhari. Wakulima, ambao hakuna aliyewaeleza habari hizo kwa wakati, walilinganisha na bei ya mwaka uliopita na wakaona wanaibiwa.

Wote walikuwa na haki ya hofu yao, na hesabu inaonyesha pengo. Shilingi 3,300 kwa kilo, kwa kiwango cha takriban shilingi 2,300 kwa dola, ni kama dola 1,435 kwa tani. Ongeza dola 150 hivi za ghala, magunia, usafiri na tozo, ambayo ni makadirio yetu. Kisha kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi: asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Ili mnunuzi asipate hasara, tani moja ikiwa bandarini ingebidi iuzwe karibu dola 1,865, na kati ya hizo dola 280 ni za ushuru peke yake. Soko la wakati ule halikuwa tayari kulipa hivyo.

Mwishoni mwa Oktoba wanunuzi walikutana na viongozi wa juu wa nchi na ikaelezwa kwamba watanunua kwa bei isiyopungua 3,000. Mnada ukasuasua. Tarehe 9 Novemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwapa hadi Jumatatu tarehe 12 wawe wamesema watanunua kiasi gani. Tarehe 10 mawaziri wa kilimo na biashara waliondolewa, na bodi ya korosho ikavunjwa. Malori 75 ya jeshi, yenye uwezo wa kubeba tani 1,500 kwa mkupuo, yalipangwa tayari Dar es Salaam. Tarehe 12 Rais John Magufuli akatangaza 3,300, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo ikatajwa kuwa ndiyo mlipaji.

Mavuno yaliyotarajiwa yalikuwa kama tani 220,000. Zidisha kwa 3,300: shilingi bilioni 726. Kwa shamba letu la mfano, tofauti kati ya zabuni ya juu iliyokataliwa, 2,717, na bei ya Serikali ni shilingi 583 kwa kilo, sawa na 349,800 kwa kilo 600. Ni salfa na palizi ya msimu ujao. Hatuoni sababu ya kuwalaumu wakulima walioshangilia.

Palipovunjika

Bei ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni tarehe.

Operesheni Korosho, kama ilivyoitwa, ilianza kwa uhakiki. Aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa shamba lake lionekane kwanza, ili watu wa kangomba wasilipwe kama wakulima. Nia inaeleweka. Lakini kilo 1,500 si tajiri. Kwa kilo 7 kwa mti ni miti kama 215, ekari chini ya nane. Kuna familia ambazo baba, mama na vijana wawili hupima korosho zote kwa jina moja kwa sababu aliyejiandikisha chamani ni mmoja. Hao wote wakaingia foleni ya watuhumiwa, wakisubiri timu ifike shambani kuhesabu miti. Na mkulima aliyekuwa ameshamaliza deni la kangomba kwa kumwachia mkopeshaji gunia zake mbili hakuwa na namna ya kueleza.

Tatizo la pili lilikuwa ubora. Bei ya 3,300 ilikuwa ya daraja la kwanza, na daraja la pili lililipwa 2,640. Korosho iliyofika chamani Oktoba ikiwa daraja la kwanza, ikakaa kwenye ghala la kijiji lisilo na hewa na lenye sakafu ya unyevu, inaweza kupimwa daraja la pili siku lori linapofika. Kuna pia unyaufu: korosho inaendelea kukauka, uzito unapungua. Gunia la kilo 80 likipungua asilimia mbili limepoteza kilo 1.6. Kwa gunia saba na nusu za shamba letu ni kilo 12, na kwa 3,300 ni karibu shilingi 40,000. Nani anabeba? Karatasi ya chama inasema kilo 600, ya ghala kuu inasema 588, na tofauti inakatwa mahali fulani kati ya karani na mwenye karatasi. Kadiri mzigo unavyokaa ndivyo mwanya huo unavyopanuka, hata kama hakuna mwizi.

La tatu ndilo lililoiumiza nchi zaidi, nalo ni kalenda. Korosho za Tanzania zina bahati moja kubwa sokoni: hutoka Oktoba hadi Januari, wakati mzigo wa Afrika Magharibi umekwisha na viwanda vya Asia vina njaa. Kuanzia Februari Côte d'Ivoire na jirani zake wanaanza kuvuna. Mwenye korosho Novemba ana bidhaa adimu, na mwenye korosho zilezile Machi ana mzigo wa zamani sokoni penye mzigo mpya. Serikali ilinunua Novemba bila kuwa na mnunuzi mkononi. Tarehe 30 Januari 2019 ulitiwa saini mkataba na kampuni moja ya Kenya wa tani 100,000, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 400. Fedha hazikuja, na Mei ukafutwa. Viwanda vya kubangua vya ndani vilikuwa na uwezo wa kuchukua sehemu ndogo tu ya mzigo ule. Maghala yalibaki yamejaa hadi msimu mwingine unakaribia.

Hapa ndipo mkopo wa mkulima unapoonekana wazi. Mlipaji asiye na fedha za kutosha, na asiyeuza, hulipa kwa mafungu kadiri anavyopata. Wa mafungu ya kwanza walipata Novemba na Desemba. Wa mafungu ya mwisho walisubiri miezi, wengine wakapita msimu mzima. Wote walikuwa na karatasi inayosema 3,300. Lakini shilingi 3,300 ya Novemba na 3,300 ya Septemba inayofuata si kitu kimoja kwa mtu anayehitaji kupuliza salfa Julai. Aliyesubiri na akalazimika kukopa tena kangomba kwa masharti ya mfano wetu wa juu alipoteza 315,000 kwenye msimu mpya. Karibu nyongeza yote ya bei aliyoahidiwa, ile 349,800, ilikuwa imekwenda kabla hajaipokea.

Kibarua hana karatasi

Mkulima angalau ana stakabadhi. Aliyefyeka, aliyebeba mashine ya salfa na aliyeokota hana hata kipande.

Malipo ya vibarua wa korosho yana desturi zake. Palizi hulipwa kwa eneo, mara nyingi nusu mwanzoni na nusu kazi ikiisha. Kupuliza hulipwa kwa mti au kwa siku. Kuokota, kazi ya wanawake na vijana kwa sehemu kubwa, hulipwa kwa debe au kwa kilo, na ndiyo ambayo malipo yake hungoja mnada: "subiri tuuze." Katika mwaka wa kawaida subiri hiyo ni wiki chache na kila mtu anaielewa. Mwaka 2018 ilinyooka hadi sikukuu zikapita, shule zikafunguliwa, na mvua za kilimo cha chakula zikaanza. Kibarua aliyetegemea hela ya kuokota kununua mbegu alikosa msimu wa mahindi pia. Huyu hakutajwa popote. Uhakiki ulihesabu miti, kilo na akaunti za benki. Hakuna fomu iliyouliza nani aliziokota na kama amelipwa.

Wengi wa vibarua hao wenyewe wana miti yao kumi au ishirini. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa anadai mara mbili: anaidai Serikali kwa korosho zake na anamdai jirani kwa kuokota za jirani, ambaye naye anaidai Serikali. Muuza duka la kijiji aliyewauzia wote kwa daftari alikuwa anawadai wote wawili. Ndivyo deni moja la juu linavyozaa madeni manne chini, na ndiyo sababu kuchelewa kwa malipo ya zao kunafunga mzunguko wa fedha wa wilaya nzima kuanzia bodaboda hadi ushuru wa halmashauri.

Ilionekanaje kwenye hesabu za taifa

Mwaka 2017 korosho ziliingizia Tanzania zaidi ya dola milioni 500, zikiongoza mazao yote ya asili ya biashara. Mwaka 2018 mapato hayo yalianguka kwa zaidi ya nusu. Sehemu ya sababu ni bei ya dunia. Sehemu nyingine ni kwamba mzigo wa robo ya mwisho ya mwaka, ambayo ndiyo robo ya korosho, ulikuwa umelala ghalani. Dola za kununulia mafuta, dawa na mitambo ya nchi nzima zilikuwa ndani ya magunia ya juti.

Kilimo huchangia zaidi ya robo ya pato la taifa la Tanzania na hubeba karibu theluthi mbili ya nguvu kazi. Namba hizi mbili husomwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mkulima ana tija ndogo: watu wengi, pato dogo. Usomaji huo unaacha kitu. Hautaji kwamba miezi sita ya gharama za uzalishaji, Mei hadi Novemba, imebebwa na kaya zisizo na mkopo wa benki, wala kwamba kazi ya kuokota ya Desemba imelipwa Machi. Kampuni ikiuza mali kwa mkopo wa miezi sita inaweka gharama hiyo kwenye bei. Mkulima haiweki popote, kwa hiyo inaonekana kama haipo.

Kusini kuna kumbukumbu ya kutisha ya gharama hiyo ikifika kikomo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 za korosho. Mwaka 1986/87 zilikuwa chini ya 17,000. Uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliwaweka mbali na miti yao, ubwiriunga ukaenea, na sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikawa ndogo kiasi kwamba haikulipa kufyeka. Hakuna aliyegoma wala kuandamana. Watu waliacha tu kwenda kuokota, na viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970 vikabaki bila korosho za kubangua.

Vitu vinavyoweza kurekebishwa

Bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, isitangazwe peke yake. Ikitangazwa na tarehe ya malipo, na nyongeza ya asilimia fulani kwa kila wiki inayochelewa, mlipaji yeyote, awe mfanyabiashara au Serikali, atapiga hesabu ya uwezo wake kabla ya kutaja namba. Novemba 2018 ilikuwa rahisi kutaja 3,300 kwa sababu kuchelewa hakukuwa na gharama kwa aliyeitaja.

Malipo ya awali yarudishwe, lakini kwa sura tofauti na ya zamani: benki imkopeshe mkulima kwa stakabadhi yake ya ghala, kiasi kisichozidi nusu ya bei ya chini inayotarajiwa, na riba ikatwe kwa mnunuzi anayechelewa kutoa mzigo. Nusu inatosha. Kwa kilo 600 na bei ya chini ya 1,700, nusu ni shilingi 510,000, inayolipa vibarua na kumwezesha mkulima kukataa bei mbaya bila kufa njaa. Kukopesha karibu na bei yote ni kosa, maana soko likishuka kidogo malipo ya pili yanatoweka na watu wanachoma nyumba.

Salfa ifike Mei. Mfuko wa salfa unaofika Agosti ni wa kuhesabia tu kwenye taarifa. Mkulima aandikiwe salfa kwenye akaunti yake chamani na ikatwe kwenye kilo za kwanza atakazopima, kwa bei ya mnada wa siku hiyo. Hilo peke yake linamwondolea mtu wa kangomba sababu kubwa ya kuwapo.

Uzito wa kisheria uwe ule wa chama cha msingi siku mkulima anapokabidhi, na unyaufu wa baada ya hapo uwe wa anayeshika mzigo. Watakaopinga ni waendesha maghala, na hoja yao ni ya kweli: wapo wanaoleta korosho mbichi. Dawa ni kipima unyevu kwenye kila chama, na mzigo uliozidi asilimia 10 urudishwe kuanikwa kabla haujaandikwa.

Kwa kubangua ndani hatuna haraka ya kushangilia kama wengi, ingawa ni njia sahihi. Kiwanda kinahitaji fedha za kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, na kina kazi nyingi za mikono: kuchemsha kwa mvuke, kubangua, kukausha, kumenya ganda jembamba, kupanga madaraja kama W240 na W320, namba hizo zikiwa ni idadi ya viini kwenye ratili. Mafuta ya ganda huunguza vidole vya wanaobangua, ambao kwa kawaida ni wanawake wanaolipwa kwa kilo ya viini vizima. Kiwanda kikijengwa bila glavu, bila mtaji wa kununulia na bila ratiba ya mishahara, tutakuwa tumemhamisha kibarua kutoka chini ya mti hadi chini ya bati, akiendelea kuambiwa asubiri.

Minada ilirudi 2019. Kuanzia msimu wa 2024/25 inafanyika kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX, na bei ya ufunguzi ya msimu huo ilivuka 4,000. Zabuni zinaonekana kwa uwazi zaidi kuliko wakati wa visanduku vya zabuni za karatasi. Kwenye karatasi anayopewa mkulima chamani kuna jina lake, kilo, daraja na tarehe ya kupima. Nafasi ya tarehe ya kulipwa bado haipo, wala mstari wa jina la aliyeokota.